Miwaridi ya kuhimili joto la Dar: kabla hujatazama ua, fukua shina

Mei mwaka jana nilinunua miche sita ya waridi kando ya barabara, elfu kumi na tano mmoja, yote ikiwa na maua. Kufikia Desemba mitano ilikuwa kuni. Wa sita, ule mwekundu, ulikauka juu lakini chini ukachomoza chipukizi nono, likakimbia kwenda juu kama mpasheni. Nikawaita majirani waje waone waridi lililofufuka. Nikaumwagilia, nikautilia samadi ya kuku, nikaujengea kichanja. Muda wote huo nimepata miiba na majani tu. Ua hata la kusingizia, hakuna.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa akibebesha miche kwenye mashamba ya maua kule Usa River, karibu na Arusha. Alichuchumaa, akafukua udongo kwa kidole, akanionesha fundo lililopinda kama goti. "Mama, ulichonunua ni hiki cha juu, nacho kimekufa. Hiki unachokilea ni punda aliyekibeba."

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa punda. Rangi na harufu mtachagua wenyewe, macho na pua mnavyo.

Miwaridi mingi ya kisasa huuzwa ikiwa imebebeshwa: jicho la waridi zuri hupachikwa kwenye shina la mwaridi mwingine, wenye mizizi ya nguvu. Bara mambo hayo huenda vizuri. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi na umande unakauka mapema. Sisi huku tuna mchanga uliojaa minyoo fundo, vijinyoo vinavyoishambulia mizizi, au udongo wa matumbawe, na kisima kikichimbwa kinatoa maji ya chumvi. Mwaridi unapenda udongo wenye pH ya 6 hadi 6.5 hivi, na matumbawe hayakupi hiyo. Ukiona majani mapya yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, usikimbilie duka la mbolea kununua urea. Mara nyingi madini ya chuma yamo humo humo udongoni, ila mizizi inashindwa kuyachukua. Multiflora, mwaridi unaotumika sana kama shina la chini duniani, ni miongoni mwa wanaoshindwa vibaya kwenye udongo wa namna hiyo. Florida, ambako wana mchanga na minyoo kama sisi, wakulima wenye akili hubebesha juu ya mwaridi mwingine uitwao fortuniana. Muulize muuzaji wa hapa shina la chini ni la aina gani. Atakutajia rangi ya ua.

Kipimo changu ni kimoja basi. Piga goti, pangusa udongo kwenye kiriba mpaka uone shina linapoanzia. Likiwa limenyooka, gome moja toka juu hadi chini, huo umeoteshwa kwa kipandikizi, yaani tawi lililochomekwa likaota mizizi yake lenyewe: hata ukikauka juu, kitakachochipua ni waridi lile lile. Ukiona goti na kovu, umebebeshwa. Unaweza kuununua, lakini upande kovu likiwa juu ya udongo, na kila chipukizi linalotoka chini ya kovu ling'oe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi litarudi na wenzake. Na wale wanaosema uhesabu vijani vinavyounda kila jani, kwamba vitano ni waridi na saba ni mwitu, msiwasikilize. Kuna mawaridi mazuri kabisa yenye vijani saba.

Sasa miwaridi yenyewe ya kupanda Dar, kwa mpangilio wangu. Namba moja ni Iceberg, ya Kordes, wazalishaji wa aina za mawaridi wa Ujerumani, iliyooteshwa kwa kipandikizi. Najua mtakachosema: Iceberg inapata madoa meusi. Inapata. Kuvu wa ugonjwa huo anahitaji jani libaki na maji kwa saa saba hivi ndipo aingie, na masika ya Dar humpa hizo saa saba kila siku kama zawadi. Wangu, nilioletewa na basi kutoka Arusha ukiwa umefungwa kwenye gazeti, hupukutisha nusu ya majani Aprili, nami huyafagia yote yaliyoanguka na kuyachoma, na Julai umejaa tena na vishada vyeupe utadhani haukuumwa. Namwagilia asubuhi, shinani, siyo kwa kunyunyizia juu. Kordes nawapenda kwa sababu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliacha kupulizia dawa za kuvu kwenye mashamba yao ya majaribio, mche dhaifu ukajifia huko huko kwao. Ni kweli Iceberg ni ya 1958, haikupita kwenye mchujo huo. Mapenzi ni mapenzi.

Namba mbili, ambayo kwa haki ingekuwa ya kwanza, ni miwaridi ya zamani ya Kichina: Old Blush ya waridi hafifu, Mutabilis ambayo ua lake hufunguka manjano likageuka pinki kisha jekundu, na Louis Philippe ya 1834, ambayo kwenye nyumba za zamani za Florida imezoea joto na unyevu kuliko wenye nyumba. Haihitaji kipindi cha baridi, haichoki kutoa maua, na hushika kwa kipandikizi bila shida. Maua yake ni madogo, hayakai kwenye vase siku nyingi. Majina hayo usiyatafute kando ya barabara. Ila tafuta nyumba yenye mwaridi wa miaka mingi unaochanua bila kupuliziwa dawa, bisha hodi, omba tawi. Chukua lililotoka kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15, kata chini kidogo ya fundo la jani, acha majani mawili juu, chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Usivute kuona kama umeota! Subiri wiki sita.

Namba tatu, Knock Out, iliyoingizwa sokoni Marekani mwaka 2000. Madoa meusi huyavumilia vizuri mno. Harufu hamna. Ukibahatika kuupata, panda kwenye uzio.

Namba nne na ya mwisho ni mawaridi ya kukatwa, yale ya kikonyo kirefu. Hayo yalizalishwa yaishi kwenye banda la nailoni chini ya uangalizi wa mtaalamu. Wewe una mfagiaji na mpira wa maji.

Msomaji mmoja ameuliza kuhusu mwaridi wa marashi, ule wa Jabal Akhdar, Oman, maana shemeji yake yuko Maskati. Dada yangu, kule ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, jua lipo, lakini majira ya baridi hupiga kweli, na huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi. Mwambie shemeji akuletee chupa ya marashi.

Na ile miche ya bei rahisi, ya elfu tatu: pangusa udongo kama kawaida. Basi.

Sasa bei. Nikishuka kwenye bajaji mche ni elfu nane. Nikishuka kwenye gari la mume wangu, mche ule ule, kiriba kile kile chenye tundu ubavuni, ni elfu kumi na tano. Wiki ya Valentine ni elfu ishirini na tano, kana kwamba kuna mtu anayempelekea mchumba kiriba cha udongo. Juzi nilipiga goti mbele ya muuzaji, nikaanza kupangusa, akanidaka mkono: "Mama, utaua mizizi." Nikamwambia naangalia kovu. Akanijibu mche wake hauna kovu, umetoka Ulaya. Pembeni yake amebandika picha ya waridi la bluu kama kalamu ya Bic, anauza mbegu. Nilipangusa hivyo hivyo. Goti lilikuwa sentimita nne chini, limefukiwa na kushindiliwa, na ubavuni mwake punda alikuwa ameshachipua.