TAHADHARI: Niliuziwa nyumba yenye wapangaji wa kupangwa

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili wiki tatu, naona aibu hata kulitamka mbele ya watu wa nyumbani kwangu. Leo nalisema kwa sababu nimesikia mzee aliyeniuzia ana nyumba nyingine anaiuza, na kuna mtu sasa hivi anaoneshwa vyumba kama nilivyooneshwa mimi.

Pesa niliyonunulia, nikikumbuka ilikotoka, silali. Hayo siyaelezi hapa.

Nyumba ina sehemu 6 za kupangisha, na kwa maneno yake zote zilikuwa zimejaa. Alinipokea mwenyewe getini, mtu mzima, mtulivu, sauti ya chini, ananiita mwanangu. Hakunisukuma hata kidogo. Aliniambia, "Kagua, ongea na wapangaji, nenda ukafikirie, nyumba haina miguu." Mimi nilizoea kwamba tapeli ana haraka. Huyu hakuwa na haraka, nikamwamini palepale.

Mlango wa kwanza alifungua dada mmoja, amembeba mtoto. Nikamuuliza kodi, akaitaja bila kusita. Nikamuuliza amekaa muda gani, akasema huu ni mwaka wa tatu. Mzee alikuwa hatua mbili nyuma yangu, anamchekea mtoto, anamshika kidole. Ndani kulikuwa na pazia, godoro, ndoo mbili na sufuria juu ya jiko. Ile sufuria naiona mpaka leo nikifumba macho. Chini inang'aa kama kioo, na karatasi ya dukani bado imebandikwa ubavuni. Mtu amekaa miaka mitatu na sufuria yake haijawahi kuona moto! Niliiona, wallahi niliiona, nikajisemea labda kanunua jana. Nikapita mlango wa pili.

Tulipomaliza milango yote akanikalisha kibarazani, akatoa kitabu cha risiti chenye jalada la kijani. Miezi 12, wapangaji 6, risiti 72, hakuna mwezi uliorukwa. Na mikataba 6 ya upangaji, yote imetiwa sahihi. Niliwahi kuwa na mpangaji aliyenizungusha miezi minne na kodi yangu, mpaka nikawa naogopa kupokea simu. Basi mtu aliyetoka kwenye mateso yale akioneshwa watu sita wanaolipa kila mwezi bila kukumbushwa, anaona amepata nafuu. Nilishika kile kitabu kwa mikono miwili.

Na msidhani nilikwenda kichwa kichwa. Dalali ni yuleyule aliyenitafutia nyumba yangu ya kwanza, na ununuzi ule haukuwa na tatizo. Hati niliipeleka kwa wakili, ikakaguliwa kwa msajili, jina ni lake, haina deni, haina kesi. Nyumba ni yake kweli. Sote tunafundishana kuogopa hati bandia, hakuna aliyewahi kuniambia niogope wapangaji bandia. Uongo haukuwa kwenye karatasi ya ardhi, ulikuwa umekaa vyumbani na mapazia.

Bei tuliipiga kwa kodi: kodi ya mwaka mara 10. Kodi ya mlango mmoja ikiongezwa uongo wa 100 kwa mwezi, kwa mwaka ni 1,200, na kwenye bei unalipa 12,000 za hewa. Zidisha kwa milango 6. Hivyo ndivyo alivyoniibia, kwa hesabu niliyoipiga mwenyewe kwenye simu yangu, yeye amekaa kimya pembeni.

Tarehe 1 ya mwezi wangu wa kwanza hakuna aliyelipa. Tarehe 3 nikaenda. Milango minne iko wazi, vyumba vitupu, funguo zimewekwa sakafuni katikati ya chumba. Mlango wa tano nikamkuta kijana anafunga godoro kwa kamba. Aliponiona alitaka kukimbia. Nikamwambia mdogo wangu, kaa chini, sikupigi. Akanieleza kwamba alilipwa akae pale miezi miwili na akapewa kodi ya kutaja akiulizwa. Yule dada mwenye mtoto ni mke wa mpwa wa mzee.

Mpangaji wa kweli ni mmoja tu, mama wa mlango wa mwisho. Analipa nusu ya kilichoandikwa kwenye mkataba wake, na ile sahihi si yake. Na anadai amana yake, ile pesa aliyoiweka alipoingia, maana mzee aliichukua na hakunikabidhi. Wakili ananiambia deni hilo limeshaniangukia mimi. Mama yule sina ugomvi naye, nitamlipa.

Nilimpigia mzee. Akasema, "Mwanangu, wapangaji ni watu, na watu huhama." Akakata. Tangu siku hiyo simu yangu haiingii.

Mtu huyu afungwe, na auze hata kitanda anacholalia anirudishie tofauti ya bei. Na dalali aliyepokea ujira wake huku akijua, maana najua alijua, anyang'anywe kazi hiyo asikanyage tena nyumba ya mtu. Jina silitaji kwa sababu wakili amenikataza mpaka shauri lifunguliwe, lakini likifunguliwa mtalisikia.

Mnaotaka kununua nyumba yenye wapangaji, angalieni niliyoyaona nikiwa nimechelewa. Kile kitabu: namba zinaanza 001 hadi 072, na kila mwezi mpangilio ni uleule, mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu mpaka wa sita. Watu hawalipi kwa foleni! Kuna anayewahi, kuna anayeomba wiki, kuna anayelipa nusu. Wino ni mmoja mwaka mzima, na hakuna ukurasa uliokunjika. Mita za umeme sikuziangalia. Nilipoomba rekodi zake baadaye, nne zilikuwa hazijasogea kitu mpaka miezi miwili kabla sijafika. Amana sikuuliza ziko wapi. Mwenye wapangaji sita kwa kawaida ana amana sita za kukukabidhi siku ya mauzo, na huyu hakuzitaja hata moja. Dai taarifa ya benki inayoonesha kodi ikiingia, risiti ya mkono kila mtu anaweza kuiandika usiku mmoja. Ongea na wapangaji mwenye nyumba akiwa hayupo, rudi jioni bila kuaga. Kila mmoja akuandikie na kusaini mbele yako: analipa kiasi gani, alianza lini, aliacha amana kiasi gani, anadaiwa nini. Na sehemu ya bei ibaki kwa wakili mpaka kodi ya kwanza iingie mkononi mwako. Mzee angekataa hilo, na mimi ningejua.

Yapo mengine, lakini nikiandika nawaka upya. Yule mzee hastahili huruma ya mtu yeyote.

Yule kijana wa godoro amekubali kuandika maelezo na kusimama mbele ya hakimu. Wakili anasema shahidi wa pili ataipa kesi nguvu. Kama wewe ni mmoja wa waliolipwa kukaa vyumba vile, au unamjua mmoja wao, niandikie faraghani. Sitakushtaki wewe, na nauli ya kuja kutoa ushahidi nitalipa mimi.