Godot 4.3: wachangiaji wameongezeka, na gemu yangu ya bajaji imenufaika

Kwa sisi tunaotengeneza gemu kwa laptop ya kuungaunga na bando la kujipimia, Godot, programu huria ya kutengenezea gemu, inatufaa sana. Faili la kupakua halifiki MB 100, na leseni yake ya MIT haikudai hata senti ukiuza gemu.

Toleo la 4.3 lilitoka Agosti 2024 likisifiwa kwa wingi wa wachangiaji, yaani watu wanaochangia msimbo wake. Septemba 2023 Unity, mpinzani wa Godot, ilitangaza ada inayokwenda na idadi ya waliosakinisha gemu, watengenezaji wakachachamaa, na wengi wakahamia Godot. Marekebisho yakatoka 1,800 na ushee ya toleo la 4.2 hadi zaidi ya 3,500, kazi ya watu zaidi ya 500. Lakini tusidanganyane: 4.2 liliandaliwa kwa miezi isiyozidi mitano, hili miezi minane na nusu. Ukigawa kwa mwezi, ongezeko si la kutisha. Mimi naangalia walichokirekebisha.

Na hapo wamenikuna. Gemu yangu ya bajaji naisambaza kwa linki ya WhatsApp: mtu anagonga, anacheza kwenye kivinjari. Tangu 4.0, hilo lilitaka seva iwekewe mipangilio maalumu ya usalama. Ukiwa na seva ya bei poa usiyoruhusiwa kuigusa, umekwama. Sasa Thread Support, uwezo wa kuendesha kazi kadhaa sambamba uliodai mipangilio hiyo, inakuja ikiwa imezimwa, unapandisha mafaili popote na gemu inawaka. Sauti nayo inapigwa na kivinjari chenyewe, hivyo honi haikwaruzi hata kwenye simu dhaifu. Ila efekti kama mwangwi hazifanyi kazi kwa njia hiyo. Daraja langu la Kigamboni limepoteza mwangwi, basi.

TileMap, zana ya kuchora ramani ya gemu kwa vigae, wameistaafisha, kila tabaka sasa ni TileMapLayer inayojitegemea. Nilinuna, maana mitaa yangu yote ilikuwa kule. Kumbe kuna kitufe cha kuyatenganisha matabaka, ukibonyeza barabara, mitaro na vibanda vinajipanga vyenyewe. Script zinazoita TileMap utazibadilisha kwa mkono.

Nyota nne kati ya tano. Anayeandika kwa lugha ya C# na kulenga kivinjari asijisumbue, kwenye 4.3 haiwezekani. Wa GDScript, lugha ya Godot yenyewe, hamieni, ila nakilini folda ya mradi kwanza.