Uzoefu wangu na Azbuka Mpya ya Tolstoy: kitabu cha watoto kilichonifungulia Kirusi

Mi ni Mtanzania, niko Moscow mwaka wa maandalizi ya lugha, na kiukweli kufikia mwezi wa tatu nilishakata tamaa, kitabu cha darasani ni sarufi tupu, unamaliza ukurasa mzima hujui umesoma nini. Ndo nikanunua hii Azbuka, yaani kitabu cha kufundishia watoto herufi na kusoma, kwenye duka la vitabu vya mtumba. Sio nakala ya 1875 yenyewe, hizo ni adimu na bei yake sio ya mwanafunzi, hii ni chapa ya juzijuzi waliyopiga picha kurasa za zamani vilevile.

Tolstoy, yule mwandishi mkubwa wa Urusi, alifungua shule ya watoto wa wakulima nyumbani kwake shambani, Yasnaya Polyana, 1859, afu 1872 akatoa Azbuka ya kwanza, na alisema akishaiandika hiyo anaweza kufa kwa amani. Wakosoaji wakaishambulia, haikuuzika vizuri, basi akakaa akaiandika upya, ikatoka hii ya 1875 kwa kopeki 14 (kopeki ni kama senti ya rubo, pesa ya Urusi), mkulima anaweza kumnunulia mwanae.

Sentensi zake fupi fupi lakini hazichoshi. Kuna Filipok, katoto kanataka shule kama kaka yake, kanavaa kofia kuukuu ya baba, njiani mbwa wanakakimbiza, kakifika darasani kanaulizwa jina kananyamaza kwa woga. Baadae mwalimu anamwambia ataje herufi za jina lake, anaanza hve-i hvi, le-i li... yaani analijenga Filipok silabi kwa silabi, jamani pale nilisimama, maana ni ba be bi bo bu yetu ya darasa la kwanza kabisa! Tangu siku hiyo maneno marefu ya Kirusi nayakata silabi silabi kwa sauti na yanakubali.

Nyingine ni ya Vanya aliyekula plamu kwa siri, baba akasema mezani kama kuna aliyemeza kokwa atakufa baada ya siku moja, mtoto akabadilika rangi akasema hapana, kokwa nililitupa dirishani. Wote wakacheka, yeye akalia. Sisi tulitishiwa kwamba mbegu ya chungwa itaota tumboni, kwahiyo nilimwelewa Vanya bila kamusi.

Sasa ubaya wake. Tahajia ni ya kabla ya 1918, Warusi walipobadilisha namna ya kuandika, kuna herufi ѣ ambayo unaisoma tu kama е, kuna і ya nukta, na ъ imebandikwa mwisho wa maneno kibao wala haitamkwi, wiki ya kwanza inavuruga sana na ukiizoea kuandika mwalimu atakukata maksi. Picha za kurasa nazo zimefifia, mbili hazisomeki kabisa, muuzaji nilipomwambia akasema ndo ilivyo. Kama unaanza chukua ile ya tahajia ya sasa, maandishi ni yaleyale.

Azbuka nimeimaliza, sa hivi niko kwenye vile vitabu vyake vinne vya kusomea, nimefika cha nne kwenye hadithi ya mfungwa wa Caucasus. Jana yule binti Dina alipomletea Zhilin, yaani huyo mfungwa, mti mrefu apandie kutoka shimoni nilishindwa kulala, nikaendelea mpaka saa nane usiku.