Watoto na magurudumu: Kangemi au Aga Khan Walk?

Nina watoto wawili wanaotaka kuteleza kwa magurudumu hapa Nairobi, mmoja kwa viatu, mwingine kwa ubao. Sisi twakaa Uthiru, kwa hivyo Kangemi ni hapo tu, Barabara ya Waiyaki, bora usiingie jioni watu wakitoka kazini. Uwanja wa kuteleza wa Shangilia, huko Kangemi, uko ndani ya makao ya watoto, ulijengwa kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Ni saruji laini yenye miteremko na mabonde, na hapo ndipo mtoto mwenye ubao wa magurudumu (skateboard) hujifunza kweli: mteremko humpa mwendo bila kusukuma kwa mguu, naye hulazimika kukunja magoti na kuegemea mbele. Akiegemea nyuma, ubao unamponyoka na yeye anakalia saruji. Kofia ngumu na kinga za viwiko si mapambo. Lakini kumbuka hapo ni nyumbani kwa watoto wengine. Uliza ruhusa kabla ya kupakia familia garini.

Aga Khan Walk, katikati ya jiji, ni mambo mengine. Hakuna magari, pako tambarare, na wikendi utapata vijana wanaokodisha viatu vya magurudumu na kumshika mtoto mkono akianza. Kwa ubao hapafai sana. Umati nao! Huwezi kuketi ukasoma gazeti, macho ni kwa mtoto.

Mwanangu wa miaka mitano, mwenye viatu, nitampeleka mjini Jumapili asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kaka yake, na huo ubao wake, Kangemi.