Kabla ya Kununua Wonder Woman wa Zamani, Shika Rula

Muuzaji aliniambia kwamba ni toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Wonder Woman, la mwaka 1942, na bei yake ilikuwa chini kiasi cha kunitia tamaa na juu kiasi cha kuniondolea shaka. Jalada lilikuwa lenyewe: shujaa wetu juu ya farasi akiwavamia askari wa Kijerumani, na bei ya senti 10 imechapwa. Mashaka yalinianza pale kitabu kilipokataa kuingia kwenye mfuko wa plastiki niliokiandalia. Kilikuwa na urefu wa takriban sentimita 34, ilhali vitabu vya katuni vya miaka hiyo vilikuwa na kama sentimita 26. Nilikuwa nimeuziwa nakala iliyochapwa upya mwaka 1975, iliyobanduliwa jalada lake la nje, ambalo ndilo linalosema wazi kwamba si toleo la asili.

Wanunuzi huuliza kuhusu kutu ya pini na weupe wa karatasi. Mimi sasa nauliza kipimo tu.

Cha ajabu ni kwamba nakala hiyohiyo, ya mfululizo wa Famous First Edition wa DC, kampuni inayochapisha Wonder Woman, ndiyo ninayoiweka ya kwanza kati ya matoleo yaliyochapwa upya, mradi iwe na majalada yote mawili na iuzwe kwa jina lake. Ilipotoka iliuzwa dola 1. Ukubwa ule unaipa haki michoro ya H. G. Peter: katika shindano la kukinga risasi kwa bangili unaona kila mstari wa kalamu yake. Pia utakuta habari za Florence Nightingale, aliyefungua safu ya wanawake mashuhuri wa historia, ambayo mhariri wake alikuwa Alice Marble, bingwa wa tenisi.

Ya pili ni Wonder Woman Archives, juzuu la kwanza, la jalada gumu, lililotolewa mwaka 1998. Limekusanya hadithi za mwanzo alizoandika William Moulton Marston, kuanzia ile ya jarida la All Star Comics namba 8, alikotokea mara ya kwanza, lakini ukurasa wake una upana mdogo kuliko wa 1942, na maneno ya Marston, ambaye hakuwa mtu wa maneno machache, yanakuwa madogo mno. Omnibus, yaani mkusanyiko mnene wa hadithi hizo, ya mwaka 2016 ina kurasa zaidi ya 700, na ni lazima uisomee mezani. Matoleo ya jalada laini ni nafuu, yanasomeka.

Nakala halisi ya 1942 waachieni wenye fedha za mnada. Kinachoniudhi ni wauzaji wanaopiga picha ya jalada peke yake, bila hata kiganja cha mkono pembeni, kisha wanatoza usafirishaji unaokaribia bei ya kitabu. Wiki iliyopita nilimwomba mmoja wao aniwekee rula juu ya jalada. Alinijibu kwamba kitabu ni kikubwa, kama vilivyokuwa vyote vya zamani.