Ujazo gani ununue kwa mfarishi wako wa kwanza

Wengi wanaoanza kushona mfarishi wa viraka humalizia hela kwenye vitambaa vya juu. Ujazo, yaani lile tabaka la kati, wanachukua wowote watakaoukuta. Nami nilifanya hivyohivyo: nilibeba ule mnene kuliko yote nikidhani unene ndio joto. Cherehani ilikwama, kitambaa cha chini kikajikunja, nikafumua jioni tatu. Kwa hiyo kabla hujauliza aina, mara ya kwanza nunua mwembamba.

Namba moja kwangu ni mchanganyiko wa pamba asilimia 80 na poliesta 20. Unashikana na kitambaa, matabaka hayatelezi ovyo, ni mwepesi kuliko pamba tupu na haurudi sana ukifuliwa. Ila soma kifurushi kabla ya kulipa. Huwa kimeandikwa mistari ya mishono iachane kiasi gani: kuna ujazo unaovumilia hata sentimita 20, na kuna ambao ukipita 10 utachanika ndani na kufanya mabonge baada ya kufuliwa. Chukua unaoruhusu nafasi kubwa, usije ukajitwisha mishono ambayo mkono wako bado hauiwezi.

Pamba tupu inafuata kwa karibu. Hurudi asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa, na mfarishi unatoka na vikunjo vidogovidogo kama ule wa bibi. Mimi navipenda, maana vinaficha mshono uliopinda. Isiyopaushwa huwa na chembechembe za mbegu zinazoonekana chini ya kitambaa cheupe, hapo chagua nyeupe.

Ya tatu haipo dukani: blanketi la zamani la pamba, jembamba, lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Ni zito kidogo, lakini kwa kujifunzia halina hasara.

Sufu ni nzuri kweli. Nyepesi, ina joto, na mishono yake inainuka ikaonekana. Ni ghali na ufuaji wake una masharti, kwa hiyo naiweka ya nne. Ingojee mfarishi wa tatu. (Sufu, si sufi! Sufi iache kwenye mito. Haikai bapa, inahama.)

Mwisho kabisa ni poliesta nene ya bei rahisi. Nyuzi zake hutokea kwenye matundu ya sindano, na juu ya kitambaa cheusi utadhani paka amelala hapo. Pasi ya moto nayo huibana isiinuke tena. Inamfaa anayefunga matabaka kwa mafundo ya uzi badala ya kupitisha mishono.

Wowote utakaochagua, ununue uzidi uso wa mfarishi kwa sentimita 10 kila upande, kwa kuwa kazi husogea ikishonwa. Ukifika nao nyumbani, utoe kwenye mfuko uutandaze usiku mzima, mikunjo ya kifurushi iachie kabla hujaweka pini.