WordPress na hostingi ya bei chee: miezi 14 baadaye naisema kama ilivyo

Mi siyo mtu wa IT, niseme mapema. Kazi yangu ni kushika simu na daftari la mahesabu kwenye karakana ya kaka yangu hapo Keko, tunatengeneza vitanda, makabati, meza za chakula, mninga na mkongo, na miaka yote biashara imekwenda kwa Instagram, WhatsApp na mtu kumwelekeza mtu. Sasa siku moja akapiga mtu wa manunuzi wa hoteli moja Bagamoyo anataka vitanda 18, tukaongea vizuri kabisa mpaka vipimo, mwishoni akasema dada nitumie websaiti yenu na imeili ya ofisi nimpelekee bosi. Nikamtajia gmail yetu ile yenye namba nne mwishoni. Akasema haya, asante. Mpaka leo.

Basi hii rivyu ni ya vitu viwili vinavyokwenda pamoja, WordPress yenyewe (programu ya kutengenezea websaiti) na hostingi (sehemu unayolipia websaiti ikae) ya bei chee ya hapa hapa Bongo, kwa jicho la mtu aliyeanza hajui hata domeini, yaani jina la websaiti, ni nini. Kampuni ya hostingi siitaji, sijaja kugombana na mtu.

Kabla ya hapo tulishaliwa mara moja. Kijana mmoja tulielekezwa kwake, laki tatu na nusu, akatutengenezea websaiti ya .com ndani ya siku tano, nzuri, picha zinateleza zenyewe, kaka akawa anawaonyesha mpaka bodaboda. Mwaka ulipokwisha, asubuhi moja nafungua nakuta ukurasa mweupe unasema domeini imeisha muda wake. Namtafuta kijana, simu haipatikani. Kumbe kila kitu alisajili kwa jina lake, imeili yake, akaunti yake, sisi tulichokuwa nacho ni risiti tu. Domeini ya .com ikiisha haiondoki siku ile ile, kwa kawaida mwenyewe anapewa muda wa kulipia kama kawa, halafu inaingia kipindi cha siku 30 ambacho anaweza kuikomboa kwa faini, na faini yenyewe siyo ndogo. Sema hiyo nafasi ni ya aliyesajili, siyo ya wewe uliyetoa hela. Tukabaki tunaiangalia inavyokwenda. Baada ya miezi kadhaa jina la karakana yetu likawa linafungua saiti ya kubeti, mteja wa zamani akampigia kaka kumuuliza samani kaacha lini.

Ndo nikasema ya pili naifanya mwenyewe hata ikinila mwezi. Ikanila wikiendi moja, na wiki kama tatu za kurekebisha makosa yangu.

Kwa ambaye yupo pale nilipokuwa: domeini ni kile kibao cha barabarani chenye jina lako, hostingi ni fremu ya duka unayopanga kwenye kompyuta ya mtu inayowaka saa 24, na WordPress ndo mashelfu na kaunta unayopanga humo ndani. Vitu vitatu tofauti, na vinaweza kuwa kwa watu watatu tofauti. Mtu akikuuzia "websaiti" muulize kila kimoja kimesajiliwa kwa imeili ya nani, akianza kuzunguka zunguka, ondoka.

Nilichukua .co.tz safari hii. Mteja wetu yuko Mbagala au Mbezi, haendi popote, na akiona .tz anajua hawa wapo hapa hapa. Nililipa kwa M-Pesa, domeini na hostingi jumla elfu 95 kwa mwaka. Kosa langu la kwanza ni kununua domeini kampuni moja na hostingi kampuni nyingine sababu niliona napunguza elfu nane. Usifanye hivyo kama ndo unaanza. Ukinunua sehemu moja vinakuja vimeshaunganishwa, ukitenganisha inabidi uchukue zile anwani mbili za seva (ile kompyuta ya hostingi), zinaanzaga na ns1 na ns2, uende kuzibandika kule uliponunua jina, halafu usubiri. Mi nilibandika Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi simu yangu inafungua, ya kaka haifungui, wote tumekaa benchi moja, yeye mtandao mwingine mi mtandao mwingine. Nikapiga hudumakwateja, "dada naomba uvumilie, saa 24 mpaka 48," nikajua ananipiga chenga, kumbe kweli, kila mtandao unakumbuka ile anwani ya zamani kwa muda wake. Jioni simu zote zikafungua.

Kuinstoo WordPress yenyewe ni dakika tatu, sitanii. Ndani ya hostingi kuna cPanel, ukurasa wa kuendeshea hostingi yako, humo kuna kitu kinaitwa Softaculous, unabofya WordPress, unaandika jina la saiti, jina la kulogini na nywila, basi. Pale kwenye jina la kulogini ukikuta imeshajiandika admin, futa weka lingine. Zile roboti zinazojaribu nywila usiku kucha zinaanza na hilo. Mi nilikuwa sijui kama kuna roboti, nikaweka kiplagini (kiprogramu cha kuongezea WordPress kazi) cha kuhesabu wanaojaribu kuingia, wiki ya kwanza walijaribu zaidi ya mara 400. Kwenye saiti ya makabati!

Kile kikufuli cha https, kinachoficha mawasiliano kati ya mteja na saiti, ni bure. Kuna shirika linaitwa Let's Encrypt linatoa vyeti vyake bila hela, ni vya muda mfupi, na hostingi nyingi zinakihuisha zenyewe hata hujui. Kuna kampuni ilinipigia inataka elfu 80 kwa mwaka kwa ajili ya hicho kikufuli. Kwa websaiti ya kuonyesha vitanda, hapana.

Sasa WordPress. Ni programu ya tangu 2003, ni bure kweli kweli siyo bure ya siku 14, na zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinatumia hiyo, maana yake ukikwama saa sita usiku kuna mtu alishakwama hapo hapo na akaandika alivyojinasua. Hili ndo lililonifanya nikae nayo, kuliko hata ubure wake. Kinachochanganya ni kwamba zipo mbili, ya .org ni programu unayoiweka kwenye fremu yako mwenyewe, ya .com ni huduma ya kupanga kwao, na mi nilipoteza jioni nzima najaza fomu za ile ambayo sikuihitaji. Sehemu ya kuandikia ni vitofali, kila aya kitofali, kila picha kitofali, siku mbili za kwanza unataka kulia, ya tatu mkono unajua. Themu, yaani mwonekano wa saiti, nilijaribu kama kumi na moja Jumamosi yote, nikarudi kwenye ile ya bure iliyokuja nayo, Twenty Twenty-Four. Ningejua ningelala.

Lakini picha jamani. Hapa ndo websaiti nyingi za mafundi zinapofia. Simu ya kaka inapiga picha moja MB 4 na nusu, tano. Mi nikabandika 12 kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wifi ya jirani inafunguka nikafurahi, nikamtumia link shangazi yupo Kibaha, akanipigia, "mwanangu hiyo kitu yako imenimalizia bando na sijaona hata kitanda." Nikapiga hesabu, ukurasa mmoja karibu MB 60. Yaani mtu ananunua bando la MB 500 aje aniangalie mara nane liishe. Nikajifunza Squoosh, ni kitu cha bure kinafunguka kwenye brauza tu, unaweka picha, unapunguza upana uwe piseli 1,200, unachagua WebP, aina ya faili la picha jepesi, na pembeni unaona picha ya zamani na mpya unateleza mstari katikati kulinganisha. Picha ya kabati la mninga la milango minne ilitoka MB 4.8 ikawa KB 140, na ile mistari ya mbao, ile rangi kama chai iliyokolea inayokwenda kwenye nyekundu, bado ipo yote. Kaka hakuamini, alishika simu akaivuta picha mpaka kwenye bawaba. Ukurasa wote sasa haufiki MB 2.

Kosa la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Wiki tatu zimepita Google hainioni, hata nikiandika jina la karakana zima. Nikaanza kulaumu hostingi. Kumbe wakati wa kujenga kuna kiboksi kwenye mipangilio, kwenye sehemu ya kusoma, cha kuiambia mitambo ya kutafuta isiisome saiti, nilikiweka tiki mwenyewe nikidhani nitakitoa nikimaliza. Ukimaliza kujenga, nenda katazame hicho kiboksi. Nenda sasa hivi.

Hostingi nayo niisemeje. Kwa elfu 95 sikutegemea Ulaya. Kasi ni ya kawaida, kuna saa za jioni inajikokota, na mwezi wa tano ililala kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri wakasema ni matengenezo, hatukuambiwa kabla. Hudumakwateja kwa WhatsApp wanajibu, ila wanajibu kwa kipande kipande, unauliza maswali matatu unajibiwa la katikati. Lililoniudhi ni bili ya mwaka wa pili, elfu 160. Ile 95 ilikuwa ya kuvutia wageni tu na iliandikwa kwa maandishi ya mchwa chini kabisa. Uliza bei ya kuhuisha kabla hujalipa, wengi wana huo mchezo, wa huku na wa nje.

Na imeili. Nilitaka info@ ya kwetu, cPanel inakutengenezea kama dakika moja, nikatuma kotesheni ya kwanza kwa mteja wa ofisi moja Posta, siku nne kimya, kumbe imezama kwenye spam. Kuna mistari miwili kwenye mipangilio ya domeini inaitwa SPF na DKIM, kazi yake ni kuthibitisha kwamba imeili kweli imetoka kwako, na kwa sababu domeini yangu ilikuwa nimeitenganisha mara ya kwanza (ile elfu nane, mnaikumbuka?) ilikuwa haijakaa sawa. cPanel ina ukurasa wa kukagua, ukiona nyekundu unabofya kurekebisha. Mi ilikubali.

Wanaosema websaiti unatengeneza mara moja unasahau, hao ndo wale wenye saiti zimejaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Kila Jumatatu kabla kaka hajaja nafungua, naapdeti plagini, nafuta komenti za takataka, dakika 15. Plagini ninazo saba tu, nilikuwa nazo 19, kila moja inapiga kelele kwenye dashibodi ninunue toleo la kulipia, hilo ndo jambo silipendi kabisa kwenye dunia ya WordPress, unaingia kuandika bei ya stuli unakutana na mabango kama stendi ya Magufuli.

Mwezi wa nane niliapdeti zote kwa mkupuo, plagini moja ya kupamba picha ikagoma, saiti nzima ikawa nyeupe, hata kulogini haiwezekani. Mikono ilitetemeka, maana ilikuwa ndo siku mteja ameahidi kuangalia. Dawa yake ni hii, unaingia cPanel, kwenye mafaili, unafuata public_html, wp-content, plugins, unalibadilisha jina folda la ile plagini, weka hata herufi x mwishoni, WordPress ikilikosa inaizima na saiti inarudi. Dakika nne. Tangu hapo naapdeti moja moja, na plagini ya UpdraftPlus inanitumia bakapu (nakala ya akiba ya saiti) kila wiki kwenye Google Drive, ya bure inatosha. Bakapu isikae kwenye seva ile ile, kama fremu imeungua na spea ilikuwa humo ndani imekusaidia nini.

Kuna watakaosema si ungetumia Wix tu, huduma nyingine ya kutengenezea websaiti. Ni rahisi kweli, binamu yangu ana saluni anaitumia na amependeza. Ila saiti ya Wix huibebi ukahamia nayo kwingine, ukichoka nao unaanza upya. Google nao walikuwa na websaiti za bure zilizounganishwa na ile akaunti ya biashara ya kwenye ramani, Machi 2024 wakazifunga. Ile akaunti ya kwenye ramani yenyewe ipo na ni bure, ifungue hata leo, wateja wetu wengi wanafika karakana kwa hiyo.

Alama zangu: WordPress nane na nusu kwa kumi, hostingi sita, mi mwenyewe nne kwa wiki tatu za mwanzo. Mwaka wa pili nimelipa, ila domeini nimeihamishia kule kule kwenye hostingi, na tarehe ya kuisha nimeiandika kwa makapeni kwenye ukuta wa karakana juu ya orodha ya vipimo, na ipo kwenye simu ya kaka na ya wifi yangu, mkewe.

Sasa hivi ugomvi ni mwingine, kaka anataka niweke bei kwenye kila picha. Nimekataa, mbao ya mninga ya juzi siyo ya leo, nitakuwa naingia kurekebisha kila asubuhi. Nimeweka kitufe cha WhatsApp chini ya kila kitanda, unaandika wa.me halafu mkwaju (/) halafu 255 na namba bila ile sifuri ya mbele, mteja akibofya tunaongea hapo hapo. Jana wamebofya sita, mmoja alikuwa anauliza kama tunauza magodoro.